Vigeugeu vya Kibarazani

Mjukuu wangu alirarua kipakiti kinachong'aa kwa meno, akatia vidole viwili ndani, akatoa kijidude chekundu kisichofika hata urefu wa kidole gumba changu. Akanuna. "Hiki ninacho," akasema. Nikamuuliza, kama unacho, umenunua cha nini? Akanieleza kwa ile subira wanayotufanyia watoto wa siku hizi, kama vile sisi ndio tuliozaliwa juzi. Kumbe kipakiti hakionyeshi kilichomo. Unalipa kwanza, unararua, ndipo unajua. Ukikuta ulichonacho, tafuta mwenzako mbadilishane. Na kipo kimoja cha rangi ya dhahabu ambacho kila mtoto wa shuleni kwao anakitafuta na hakuna aliyewahi kukishika. Nikamwambia mimi nimeuza vyombo Kariakoo tangu sijavunja ungo, na sijawahi kununua kitu nisichokiona. Akacheka, akakikunja kile kijidude. Kichwa kikaingia tumboni, mikono ikawa milango, kikawa gari. Akakikunjua, kikawa mtu wa chuma. Akakikunja tena, na safari hiyo mguu ukabaki mkononi mwake.

Nikasema lete. Akasema, "Acha tu, Bibi. Hivyo havitengenezwi." Akaenda kukitupa kwenye ndoo ya taka, na mimi nikaenda nyuma yake nikakitoa katikati ya maganda ya vitunguu.

Sasa kipo hapa mezani mbele yangu, mguu wake pembeni. Tangu jana nakitazama na kichwa kimenivurugika. Ngoja nikueleze, maana wewe ni mtu wangu. Nitakueleza nilivyoona, na pale nisipoelewa nitakwambia sielewi, na ni pengi.

Kwanza nikuweke sawa. Kuanzia hapa nikisema Bibi, simsemi huyu ninayejiona kwenye kioo. Namsema bibi yangu mimi, mzaa mama, aliyenilea Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika chumba cha uani chenye dirisha dogo linalotazama bomba. Mimi shule niliishia darasa la nne, usitegemee maneno ya kupambwa. Lakini macho ninayo na pua ninayo, na mpaka leo pua hii ikinusa plastiki inayoungua, mdomo unajaa mate ya hamu ya chai. Watu wengine wakinusa hivyo wanaita zimamoto. Mimi natafuta kikombe.

Bibi alikuwa fundi wa plastiki. Unaikumbuka ile miaka ya foleni, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na mtu akiwa na beseni zima anaazimwa mtaa mzima? Ndoo ikipasuka miaka ile huitupi. Utaipata wapi nyingine? Unampelekea Bibi. Alikuwa anakaa kwenye kibaraza cha duka la Mhindi mmoja wa Kibaniani, mtu mpole, mwembamba, aliyekuwa kila asubuhi anawasha ubani mbele ya picha zake kabla hajauza hata kiberiti. Ubani wake na moshi wa Bibi vilikuwa vinagombana pale mlangoni mpaka jua likichomoza vizuri Bibi anashinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiko la mkaa katikati, visu viwili butu ndani ya makaa, mipini imezungushiwa vitambaa vya khanga kuukuu. Kimoja kinafanya kazi, kingine kinapata moto. Ndoo inapakatwa kama mtoto anayeogeshwa. Mimi napepea mkaa na kukata viraka kutoka kwenye majagi yaliyokwisha kufa, nalinganisha rangi, kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Bluu ikikosekana, ndoo inapata kiraka chekundu na mwenye ndoo anashukuru. Kisu kikigusa, plastiki inalia, moshi unapanda, Bibi anageuza uso, anakohoa, anapitisha kidole chenye mate juu ya mshono. Akimaliza anajaza maji na kuinyanyua ndoo juu ya kichwa changu. Isiponivujia, imepona. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake, na wateja walikuwa wananitazama mimi nywele, hawaitazami ndoo.

Mwenye duka hakumtoza kitu kwa kile kibaraza. Watu wakisubiri ndoo zao wananunua kwake, yeye anafaidi, Bibi anafaidi. Asubuhi alikuwa anatoka kufungua milango, anasema, "Shikamoo, Mama," na Bibi anajibu, "Marahaba, baba, umeamkaje?" bila kuinua macho kutoka kwenye makaa. Pembeni yetu alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa Lindi aliyekuwa anakaanga vitumbua na kuuza chai. Yeye na Bibi walikuwa wanatukanana kutwa nzima kwa mapenzi. Jirani anasema moshi wa Bibi unamharibia vitumbua. Bibi anasema wateja wanavinunua kwa ajili ya huo moshi, bila hivyo havina ladha. Hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa, na mimi nilidhani ndivyo yatakavyokuwa siku zote.

Halafu ikaja ruksa, vitu vya nje vikaruhusiwa.

Mimi nilikuwa mtoto, siasa sijui, hata sasa sijui. Nilichokiona ni kwamba Kariakoo ilibadilika rangi. Kabla yake mitaa ilikuwa ya rangi ya vumbi na magunia. Ghafla yakaja mabeseni ya waridi, ndoo za njano, chupa za chai zenye maua, nguo za mtumba zikimwagwa barabarani kwa marobota. Mitaa ya Kongo na Msimbazi ukipita unaumwa macho. Na vitu vingine, nakuapia, hatukujua ni vya nini. Vilikuwa vinakuja havina maelezo, na mwuzaji mwenyewe hajui. Jirani alinunua kimfuko laini cha nailoni chenye mpira pembeni, akawa anafunikia bakuli lake la unga wa vitumbua nzi wasiingie. Kilimfaa vizuri sana. Miaka imepita ndipo tukaambiwa ni kofia ya kuogea. Akasema hamsini zao, yeye hana nywele za kuogopa maji.

Katika furaha ile yote, Bibi alikuwa anakonda. Mwanzoni sikuelewa. Siku moja tumetoka Feri na samaki wetu wa kukaanga wamefungwa kwenye gazeti, tukapita kwenye jalala la pale kona. Juu ya taka kulikuwa na beseni lenye ufa mdogo tu, ufa wa kisu kimoja. Bibi akasimama. Akaliokota, akalifuta kwa khanga, akalibeba mpaka nyumbani, na samaki hakula. Ndipo nikaanza kuangalia kibarazani. Ndoo zilikuwa haziji. Visu vilikuwa vinakaa kwenye makaa mpaka vinakuwa vyekundu, na hakuna wa kuvitoa.

Jirani ndiye aliyeleta habari. Alisikia mwenye duka anaongea na seremala. Anataka kuweka kabati la kioo pale kibarazani, la kupangia vitu vya kisasa watu wavione kutoka barabarani. Bibi akasema, "Akileta kabati, mimi nitakaa ndani yake na visu vyangu. Wanunue na mimi." Jirani akacheka. Mimi nikamtazama Bibi, nikaona mikono yake imelala mapajani, kitu ambacho sijawahi kukiona mchana.

Basi asubuhi moja mwenye duka akatoka ndani amebeba katoni kifuani, uso umemwanguka. Akaiweka mbele ya Bibi. Akamwambia ametoa mzigo bandarini, magari madogo ya kuchezea watoto, na meli imeyagonganisha, yote yamevunjika. Akafungua. Nikachungulia. Mle ndani ilikuwa fujo ambayo sijawahi kuiona. Vitu vidogo vya kila rangi, vyekundu, bluu, njano, vimelaliana kama dagaa. Kimoja gari kamili. Kingine gari ambalo mlango umetoka nje na ndani ya mlango kuna mkono. Kingine kimesimama kwa miguu miwili na magurudumu yako mgongoni. Kingine nusu kimekaa, nusu kimelala, kichwa kinachungulia kwenye boneti kama mtu anayejificha asidaiwe kodi. Na vyote vinalegea. Ukikishika kinakuning'inia vidoleni, kinaachia kiungo hiki, kinaachia kile.

Leo mtoto wa chekechea atakwambia ni nini vile. Lakini wewe fikiri, televisheni huku bara hatukuwa nayo. Tungejulia wapi kwamba kuna gari linaloamka likawa mtu? Gari tulilolijua ni gari. Likifungukafunguka, limeharibika.

Mwenye duka akamwambia Bibi, taratibu kama kawaida yake, kwamba akiweza kuuokoa mzigo ule, lile suala la kabati wataliongea upya. Bibi akasema, "Acha hapo."

Akaniambia nilete sindano ya magunia, maana kisu ni kikubwa kwa viungo vidogo vile. Tukaanza. Nilikuwa natoa kimoja kwenye katoni, nakinyoosha kadiri ninavyoona kinaelekea, namkabidhi. Anakitazama mbele, nyuma, anakikaza kwa vidole, sindano inagusa kwenye bega, kwenye nyonga, shingoni, tone la plastiki linakauka, kinakuwa kigumu kama jiwe. Hakitikisiki tena. Shida ilikuwa kujua kikazwe kikiwa nini. Mimi nauliza, hiki? Yeye anasema kina macho hiki, basi kiwe mtu. Nachukua kingine, nasema na hiki kina macho. Anakitazama kwa hasira kidogo. Anasema basi hicho kiwe gari lenye macho, hakuna aliyekataza. Vingine mimi nilivinyoosha vibaya vikatoka vina miguu ya mbele na magurudumu ya nyuma, vikakazwa hivyo hivyo. Vikapangwa kwenye sinia, na jirani akaja kuvitazama akiwa na mwiko mkononi. Akauliza ni wadudu au ni magari. Bibi akamwambia kaangalie vitumbua vyako.

Sasa nafika pale nisipopaelewa.

Katoni ilikuwa haijafika hata nusu. Nikatoa kimoja chekundu, kilikuwa kimesimama kama mtu. Nikakisukuma kichwa nione kama kimelegea, kikazama tumboni kwa mlio mdogo, tak, wa kitu kinachokaa mahali pake. Nikaogopa, nikadhani nimekivunja zaidi. Nikajaribu mkono, tak, ukawa mlango. Miguu ikakunjika, tak. Nikawa nimeshika gari, zuri, limefunga pande zote, hakuna kinacholegea. Nikalirudisha nyuma. Mtu. Mbele. Gari. Nikamwonyesha Bibi. Nikamwambia, "Bibi, havijavunjika hivi. Ndivyo vilivyo."

Akakichukua. Akakifanya gari. Akakifanya mtu. Akakifanya gari tena, polepole, anasikiliza kila mlio. Alikuwa na vidole vinavyoelewa vitu, vidole vya mtu aliyeshika plastiki miaka mingi. Akatazama katoni, akatazama mlango wa duka ambako mwenye duka alikuwa anapima sukari. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kama havijavunjika, sisi tumeitwa kufanya nini hapa?"

Nilikuwa mtoto. Nilidhani ananiuliza kweli. Yeye akachukua sindano kwenye makaa. Akakigusa kile chekundu begani, shingoni, nyonga zote mbili. Kikabaki mtu. Akasema, "Lete kingine."

Nikaleta.

Mpaka leo ninayageuza maneno yale. Mara naona alielewa kila kitu na akakaza vile vidude kwa makusudi, kwa sababu mwanamke asiye na cha kutengeneza atabebwa pamoja na ndoo zake mpaka uani akakae asubiri kufa. Mara naona hapana, Bibi hakuwa mtu wa ujanja. Labda aliona tu kwamba kitu kinachobadilikabadilika hakijamalizwa, na kazi yake yeye ni kumalizia. Siku nikiamka na furaha naamini hili la pili. Siku nyingine naamini lile la kwanza, na wala simpendi pungufu.

Mwenye duka alifurahi sana siku ile. Alikishika kimoja, akakigonga juu ya kaunta, hakikutikisika. Akavipanga dirishani. Watoto wakajaa, wakaviita vigeugeu, sijui jina lilitoka wapi maana vya kwetu havikuwa vinageuka hata vikibembelezwa. Tuliuza vizuri. Nasema tuliuza kwa sababu na mimi nilikuwa najiona mwenye mali.

Furaha yenyewe haikukaa. Duka la ng'ambo ya barabara nao wakaleta katoni yao, na pale kulikuwa na kijana aliyetoka Unguja, kwenye televisheni. Yeye alivijua. Akasimama barazani kwake na kigeugeu juu ya kiganja, akaanza. Gari, mtu, gari, mtu. Barabara ikasimama. Wapagazi wa mikokoteni wakaweka mizigo chini. Wanawake wazima na vikapu vyao vya mboga walikuwa wanasema rudia, rudia tena. Dirisha letu likabaki na nzi.

Mwenye duka akavuka barabara mwenyewe, akarudi ameshika kigeugeu cha yule kijana mkono wa kulia na cha Bibi mkono wa kushoto. Hata jirani aliacha kugeuza, na nikanusa kitumbua kinaungua. Akachuchumaa mbele ya Bibi, akakigeuza kile cha kulia taratibu, gari, mtu. Akasema, "Mama, vyetu vilikuwa vizima."

Bibi akatazama mkono wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akasema, "Hicho cha kijana kinalegea. Kilete nikukazie."

Mwenye duka akakaa chini. Kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe. Siku zote hakuwahi kukaa pale chini kwetu. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nilikuwa nyuma yake, sikuona uso, kwa hiyo sikwambii alikuwa anacheka au anafanya nini. Nilimwuliza jirani baadaye, akasema alicheka. Bibi alisema alilia. Alipoinuka alijipangusa, akasema kwa adabu ileile kwamba Idi ikipita seremala atakuja kufunga kabati, na yeye atamtafutia Mama pa kukaa, hatamwacha hivi hivi. Bibi akasema, "Sawa, baba." Akaendelea kupepea jiko ambalo halikuwa na kazi.

Siku zilizobaki za Ramadhani sikuzifurahia. Jirani alikuwa ananipa kitumbua cha futari na sihisi utamu. Nilikuwa namwangalia Bibi anavyosugua visu vyake kwa mchanga kila siku, vinang'aa, kama mtu anayemwogesha maiti. Niliwaza chumba chetu cha uani, na Bibi amekaa mle kutwa nzima mikono mapajani. Nilikuwa natamani meli izame. Sijui meli ipi.

Lakini watoto wa Kariakoo hawakuwa watoto wa kugeuza kitu kwa adabu na kukirudisha kabatini. Sisi kila kitu kilikuwa cha mapambano. Gololi zinagonganishwa, visoda vinagonganishwa, basi na vigeugeu vikagonganishwa. Mnakaa wawili kwenye ukingo wa mtaro, kila mmoja na chake, mnavigonganisha vifua mpaka kimoja kianguke. Aliyeshinda anachukua cha mwenzake. Na siku ya Idi, kila mtoto ana nguo mpya na senti za mkono wa Idi alizopewa na wajomba, na karibu wote walikimbilia ng'ambo kununua vile vinavyogeuka. Mchana kutwa ilikuwa vita. Mtaro mzima unalia tak, tak, tak. Jioni mtaa ulikuwa na biriani, marashi, na vijikono vya plastiki vimetapakaa mchangani kama mbegu.

Na vya Bibi? Havikuanguka. Havikuwa na pa kuachia. Kile chekundu kilichokazwa mbele ya macho yangu, mtoto mmoja wa nyumba ya nyuma alikipiganisha tangu swala mpaka magharibi, akawafilisi watoto wa mitaa miwili. Na kwa kuwa kila kimoja kilikazwa vile ilivyotokea, hakuna viwili vilivyofanana. Watoto wakaanza kuvitafuta. Gari lenye macho likawa linabadilishwa kwa vigeugeu vitatu vizima. Ile mijidude niliyoinyoosha vibaya, yenye miguu mbele na magurudumu nyuma, ndiyo ikawa ya kugombaniwa kuliko yote. Mpaka leo ninaposikia habari ya hicho cha dhahabu cha mjukuu wangu, nacheka moyoni. Sisi vya dhahabu tulivitengeneza kwa sindano ya magunia na kwa kukosea.

Asubuhi ya pili yake nilifika kibarazani na jiko kichwani, nikashindwa kupita. Watoto. Wamekaa mpaka barabarani, nguo za Idi zimeshachafuka, kila mmoja amefumba kiganja. Wa kwanza akafumbua. Kigeugeu huku, mkono wake kule. "Shikamoo, Bibi. Kimevunjika."

Bibi akasema marahaba. Akakaa. Akafunua makaa. Hakuwa na haraka kabisa, alikuwa anatandaza khanga yake kama malkia. Seremala alikuja na mbao begani, akatafuta pa kuweka mguu, akakosa. Mwenye duka akatoka. Akawatazama watoto, akamtazama Bibi, akatazama mguu mdogo wa bluu aliokuwa ameushika. Na Bibi, bila kuinua macho, akamwambia, "Mimi niliwahi tu kuvikaza, baba."

Kabati lilifungwa ndani, upande wa kaunta. Dogo. Seremala alinung'unika kwamba mbao zilipimwa za nje.

Bibi alikaa kibarazani pale miaka mingine mingi kuliko alivyotegemea mtu yeyote. Vigeugeu vilipita, vikaja vingine vyenye sumaku, vikaja vya kwenye pakiti za bisi vyepesi kama karatasi, vinavunjika ukivitazama. Ikafika wakati ukivunja kimoja unapata kingine kabla kisu hakijapata moto, na watoto wakaacha kuja. Yeye mwenyewe macho yalikuwa yameshakwenda. Mwenye duka ndiye aliyemletea kiti cha kuegemea, ili akae tu pale anuse ubani. Hakumwondoa. Alipofariki Bibi, alifunga duka siku nzima, na mimi sijawahi kuliona lile duka limefungwa mchana, kabla wala baada.

Katika siku zake za mwisho, amelala, nilimuuliza. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, niliona nina haki ya kujua. Nikamwambia, Bibi, vile vigeugeu, ulijua kwamba ni vizima? Akaniuliza vigeugeu vipi. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, katoni, sindano, Idi. Alisikiliza mpaka mwisho kama hadithi ya mtu mwingine. Akasema, "Mimi nilikuwa naziba ndoo, mama. Hivyo vingine sivijui." Akageukia ukutani.

Mwezi uliopita nilipita Mtaa wa Sikukuu. Nyumba imevunjwa, kumesimama ghorofa la vioo, na pale hasa alipokuwa anakaa Bibi kuna ngazi zinazoshuka chini ya ardhi kwenye maduka ya makava ya simu. Nilisimama pale juu ya ngazi nikivuta pua kama mbwa. Hakuna ubani, hakuna vitumbua, hakuna moshi. Kijana mmoja akaniuliza mama, unatafuta nini? Ningemwambia natafuta harufu ya ndoo?

Basi leo asubuhi mjukuu amekwenda shule, nimefunga mlango wa jikoni, nimewasha jiko la mkaa, si la gesi. Gesi haiipi sindano ya magunia moto ninaoutaka. Nimelinganisha rangi kwa kifuniko chekundu cha chupa. Nimekipakata hiki kijidude chake. Mguu wenyewe ni kazi ndogo, tone moja tu. Lakini nikiutia tone, hakitakunjika tena, na lazima niamue kwanza kibaki nini. Nimekifanya gari, nimekitazama. Nimekifanya mtu, nimekitazama. Naisikiliza milio yake. Bibi angeshamaliza, angesema lete kingine.

Sindano imeshapoa mara mbili.